Asiyejulikana

Lugha yetu ina neno moja lililobebeshwa mizigo miwili isiyolingana. Mtu akiuawa usiku na mwuaji akatoroka, twasema ameuawa na mtu asiyejulikana. Maiti ikiokotwa kando ya njia au ufukoni, na asipatikane wa kuitambua, huandikwa katika daftari kuwa ni mwili wa mtu asiyejulikana. Aliyetenda na aliyetendewa huitwa kwa neno lile lile. Sarufi haina lawama katika jambo hili, maana kazi yake si kuhukumu. Lakini fikira za maadili hazina ruhusa ya kuwachanganya watu hawa wawili, na katika insha hii nataka kuuliza kama sisi hatuwachanganyi kila siku, na kama mchanganyiko huo haudhuru haki.

Kutojulikana kwa mwuaji ni vazi. Alilivaa kwa hiari yake, alilishona kwa giza na kimya, naye hufaidika nalo kila siku anayoamka na kula chakula chake kwa amani. Kutojulikana kwa aliyeuawa ni jeraha. Hakulitaka wala hakulichagua. Limeongezwa juu ya majeraha mengine yaliyomwua. Kumvua mwuaji vazi lake ni kumwadhibu. Kumponya aliyeuawa jeraha lake ni kumrudishia kitu kilicho chake. Kwa hiyo kazi ya kuwatafuta wawili hawa si kazi moja, ingawa mara nyingi hufanywa na watu wale wale katika ofisi ile ile. Swali langu ni hili: ikiwa nguvu zetu ni chache, tuanze kumtafuta nani?

Najua jibu la watu wengi. Watasema tuanze na mwuaji, kwa sababu yu hai na aweza kuua tena. Aliyekufa amekwisha kufa, na jina halitamfufua. Jibu hili lina nguvu, nami sitalidharau. Lakini kabla ya kulijibu nitasimulia jambo nililoliona utotoni, maana hapo ndipo swali hili liliponishika, na mpaka leo halijaniachia.

Nilizaliwa Mwamanyili, katika wilaya ambayo leo yaitwa Busega, mkoa wa Simiyu. Zamani zile mkoa huo ulikuwa haujazaliwa. Sisi tulihesabiwa kuwa watu wa Magu, mkoa wa Mwanza, mpaka mgawanyo wa 2012. Ni nchi ya pamba, mpunga na ng'ombe, na upande mmoja ni maji ya Ghuba ya Speke, mkono wa ziwa uliojipenyeza baina ya Usukuma na Ukerewe. Kiangazi kimoja, mwaka 1992, wavuvi wa mwalo wa jirani walivuta kokoro alfajiri wakapata maiti ya mwanamume. Alikuwa na jeraha la panga kichwani, na mikono yake ilifungwa nyuma kwa kamba ya wavu. Hapana aliyehitaji kuambiwa kwamba mtu yule hakuzama kwa bahati mbaya.

Askari alikuja kwa baiskeli, akaandika. Mganga wa zahanati alikuja, akatazama. Wazee wa mialo ya karibu waliitwa, wakasema si wetu. Jua lilikuwa kali na mwili ulikuwa umeharibika, basi kabla ya magharibi alizikwa juu kidogo ya ufuko, penye mti wa mkwaju. Shati lake alizikwa nalo. Hakuna aliyekata kipande cha kitambaa akakihifadhi. Hakuna aliyeandika meno yake yalikuwaje, wala kovu lililokuwa juu ya goti lake, ambalo mimi mwenyewe, mtoto niliyejipenyeza katikati ya miguu ya wakubwa, nililiona na ningali nalikumbuka. Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kuwa mtu wa vitabu, nilikwenda kuuliza lile daftari. Niliambiwa limeliwa na mchwa. Sikukasirika na mchwa.

Shangazi yangu alikuwapo siku ile. Yeye alikuwa na mwana mmoja wa kiume, binamu yangu, aliyetoka nyumbani mwaka 1990 kwenda kutafuta dhahabu Geita. Alituma barua moja, kisha kimya. Shangazi alikwenda kumtazama yule maiti kabla watu hawajamzuia, akarudi akasema, "Si yeye." Nilidhani atafurahi. Hakufurahi. Tangu siku ile, kila msimu wa palizi alipita kwenye lile kaburi akang'oa magugu, akalirudishia mawe yaliyovingirika. Nilipomwuliza kwa nini anamtunza mtu asiyemjua, alinijibu, "Baba, huyu naye ana mama. Kama wangu amelala kwa watu, nami naomba wamfanyie hivi."

Nimesoma vitabu kadha wa kadha vya falsafa ya maadili tangu wakati huo. Sijaona hoja iliyo wazi kuliko ile. Lakini hoja iliyo wazi yahitaji kufafanuliwa ili tuone imesimama juu ya nini, na ile ya shangazi yangu imesimama juu ya jina.

Jina ni nini? Wapo wasemao kuwa jina ni alama tu, kama namba ya mlango, na kwamba mtu ni yule yule aitwe au asiitwe. Kwa namba ya mlango hayo ni kweli. Kwa jina la Msukuma si kweli. Mtu akiitwa Kulwa, mara moja wajua kwamba kuna Doto, maana hayo ni majina ya pacha. Akiitwa Shija, wajua alizaliwa baada ya pacha. Akiitwa Mabula, au Kabula ikiwa ni mwanamke, jina lake lakumbuka mvua. Jina la namna hii ni ukoo na historia kwa pamoja. Limewabeba watu wengine ndani yake. Basi mtu akizikwa bila jina, haziki peke yake. Kama yule aliyelala chini ya mkwaju alikuwa Doto, basi kuna Kulwa mahali fulani duniani ambaye nusu ya jina lake imezikwa asikokujua. Ndiyo maana nasema kwamba kutojulikana ni jeraha lenye mizizi: aliyejeruhiwa ni mmoja, wenye kuumwa ni wengi.

Sasa tutazame historia ya nchi yetu ya Usukuma, kwa sababu inatufunza kwamba kuna njia nyingi za kumnyang'anya mtu jina lake. Baina ya mwaka 1970 na 1984, kwa hesabu za serikali ambazo wanazuoni wamezinukuu mara nyingi, watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake, na wengi miongoni mwao vikongwe, ambao macho yao mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka hamsini, yalisomwa kama ushahidi. Hawa hawakuwa watu wasiojulikana. Kila mtu kijijini aliwajua. Alijua baba zao, wana wao, na shamba walilolima. Lakini kabla hawajauawa kwa panga walikuwa wameuawa kwa neno. Yule bibi aliyekuwa mama wa fulani na shangazi wa fulani aliitwa mchawi, na jina hilo moja likayafuta yote mengine. Panga lilikuja kumaliza kazi iliyokwisha kuanzwa na ulimi.

Kadhalika kwa ndugu zetu wenye ualbino. Kuanzia mwaka 2007 habari za kuuawa kwao zilianza kusikika sana katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wakiuawa ili viungo vyao viuzwe kwa washirikina. Katika nchi hii palikuwa na usemi wa tangu zamani kwamba wao hawafi, bali hupotea. Wengi waliurudia usemi huo bila nia mbaya, kama watu warudiavyo hadithi. Lakini tuupime. Kumwambia mtu kwamba hafi, hupotea, ni kumwambia kwamba hatakuwa na maiti, wala kaburi, wala siku atakayotafutwa. Ni kumwandikia kutojulikana kwake mapema, angali hai. Mwuaji akisikia usemi huo huelewa jambo moja: hapa pana mtu ambaye akikosekana, jamii ina maelezo tayari.

Nimesema hatari ya kumsahau aliyeuawa. Haki yanidai niseme pia hatari ya kumtafuta mwuaji kwa pupa, maana Usukuma umeyaona yote mawili. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliendesha msako mkubwa Mwanza na Shinyanga dhidi ya wauaji wa vikongwe. Nia ilikuwa njema. Lakini waliokamatwa kwa tuhuma waliteswa ili waseme, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowahoji. Habari zilipojulikana, viongozi wa ngazi za juu walijiuzulu, miongoni mwao Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, mwaka 1977. Yeye binafsi hakumtesa mtu, lakini aliona kwamba dhamana ya walioteswa ilikuwa yake. Miaka minane baadaye akawa Rais. Watu hukumbuka kujiuzulu kwake kama mfano wa uungwana wa kisiasa, na ni kweli. Mimi nakumbuka pia somo la pili, ambalo halitajwi sana: kwamba mauaji yasiyotatuliwa yana njaa, na jamii isiyovumilia njaa hiyo hulisha wasio na hatia. Hapo ndipo vazi la mwuaji linapovalishwa mtu mwingine kwa nguvu, na yule mvaaji wa kwanza akaenda zake akicheka.

Hapa naona sababu ya kwanza ya kuanza na aliyeuawa. Kutafuta jina la maiti ni kazi ambayo ukikosea unaweza kusahihisha, na ukipatia hudhulumu mtu. Hufundisha subira, na uaminifu kwa vitu vidogo: jino, kovu, upindo wa shati. Mpelelezi aliyezoea kumwuliza maiti kwa upole hawezi kwa urahisi kumwuliza aliye hai kwa kiboko. Tena ni kazi inayotangulia kwa hali yake yenyewe, maana mara nyingi njia ya kumfikia mwuaji hupita nyumbani kwa aliyeuawa. Usipojua huyu ni nani, utajuaje aligombana na nani, alimdai nani, alionekana mara ya mwisho na nani?

Na kama msomaji angali na shaka, namwomba ajiulize wauaji wenyewe wanafikiri nini juu ya jambo hili. Katika mji wa Srebrenica, nchi ya Bosnia, Julai 1995, wanaume na wavulana wapatao elfu nane waliuawa na kutupwa katika makaburi ya halaiki. Miezi michache baadaye wauaji walirudi na mashine za kuchimbia, wakayafukua makaburi yao wenyewe, wakaihamisha miili, hata mifupa ya mtu mmoja ikaonekana baadaye katika makaburi mawili au zaidi. Kwa nini walijitaabisha hivyo? Hawakuwa wakiwaua tena. Hawa walikuwa wamekwisha kufa. Walikuwa wakipigana na majina yao. Mwuaji ajua kwamba maiti yenye jina ni shahidi, na maiti isiyo na jina ni udongo. Naye hakushinda: kwa kulinganisha vinasaba vya mifupa na damu ya jamaa walio hai, kwa kazi ya miaka mingi, sehemu kubwa ya wale walitambuliwa mmoja mmoja, wakazikwa kwa majina yao. Ikiwa mwuaji hulithamini jina la aliyemwua kiasi hicho, je, sisi tunaodai kuwa upande wa aliyeuawa tulithamini kwa uchache?

Wapo watakaosema: hayo ni ya Ulaya, penye fedha na maabara. Basi turudi kwetu. Katika Aprili na Mei 1994 watu walisimama kwenye daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, wakaona maiti zikipita chini katika mto wa Kagera, kwa siku nyingi. Mto ule huishia katika ziwa letu. Mwaka ule watu wengi kandokando ya ziwa waliacha kula samaki. Upande wa Uganda, katika pwani za Rakai, Masaka na Mpigi, wavuvi na wanavijiji walitoka kuziopoa maiti, wakazizika katika mahali patatu: Kasensero, Lambu na Ggolo. Waliozikwa huko walizidi elfu kumi. Leo pana kumbukumbu juu ya makaburi hayo.

Wale wavuvi hawakuweza kutafuta majina. Hawakuwa na maabara, wala daktari wa kutosha, na waliokuwa na habari za maiti hao walikuwa wamekufa nao au walikuwa wakimbizi. Lakini waliwazika na kuwahesabu. Yaweza kuonekana kwamba kuhesabu ni jambo baridi, na kwamba namba ni kinyume cha jina. Mimi sioni hivyo. Anayehesabu hulazimika kusimama mbele ya kila mmoja kwa muda wa pumzi moja na kukubali kwamba huyu si yule aliyepita. Hesabu ni hatua ya kwanza ya jina. Husema kwamba palikuwa na mtu hapa, ingawa hatujui ni nani. Anayeandika "wengi" amekata tamaa. Anayeandika idadi kamili ameweka nafasi wazi ambayo siku moja jina laweza kuja kukaa.

Kenya nako, Aprili 2023, makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walikuwa wamekufa, wengi kwa kufunga chakula; mhubiri huyo alishitakiwa. Miili zaidi ya 400 ilitolewa ardhini. Sura hazikuweza tena kusema. Jamaa walitoa sampuli za mate yao na wakangoja, na ilikuwa Machi 2024 ndipo miili ya kwanza ilipokabidhiwa kwa wenyewe ikazikwe. Karibu mwaka mzima watu walikaa wakijua na wasijue. Wala tusidhani kwamba sisi Watanzania hatuna chombo cha namna hiyo. Mkemia Mkuu wa Serikali anayo maabara ya vinasaba, na sheria ya kusimamia vinasaba vya binadamu ilitungwa mwaka 2009. Kabla yake, sheria ya uchunguzi wa vifo ya mwaka 1980 ilikwisha kuweka wajibu wa kuchunguza kifo cha mtu aliyekutwa amekufa kwa ukatili. Kwa hiyo sheria tunayo, na elimu tunayo. Kinachokosekana mara nyingi ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote: daftari lisiloliwa na mchwa, na mtu wa kuliweka daftari la waliopotea kando ya daftari la waliookotwa, akasoma moja kwa jingine.

Sasa nalijibu lile pingamizi la kwanza, kwamba aliye hai ana haki kuliko aliyekufa. Nakubali kwamba fedha ya dawa ya mtoto haifai kuchukuliwa ikalipie mifupa. Lakini pingamizi hili hudhani kwamba kumtambua maiti ni hisani tunayomfanyia maiti. Tazama ni nani wanaozikwa bila majina. Ni nadra awe tajiri au mwenye cheo. Ni mchuuzi, mchimbaji, mwanamke aliyehamia mjini asikokuwa na jamaa, mgeni apitaye. Juni 2012 maiti za wahamiaji zaidi ya arobaini, wengi wao Waethiopia, zilikutwa zimetupwa katika mkoa wa Dodoma. Walikosa hewa ndani ya lori lililokuwa likiwapeleka kusini. Waliowatupa walikuwa na hakika moja, kwamba hapana mtu wa karibu atakayeuliza. Mwuaji mwenye akili huchagua yule asiyeulizwa. Kwa hiyo kila mara tunapozika maiti pasipo kuuliza, tunamwambia mwuaji wa kesho ni watu gani walio rahisi. Na kila mara tunapouliza, hata kama hatupati jibu, tunapunguza idadi ya watu walio rahisi. Hii ni faida ya walio hai, tena wale walio dhaifu kuliko wote.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nami nimeishi nalo. Husemwa kwamba jina laweza kuwa ukatili. Kwamba mama asiyejua angali na tumaini, na ukimletea mfupa umemwulia mwanawe mara ya pili. Je, tuna haki gani ya kumnyang'anya mtu tumaini kwa ajili ya kweli?

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii hufariji kwa sababu hudhani kuwa kila chombo kina ngama na kila aendaye hurejea. Lakini wapo ambao hawarejei, na hao hawana matanga. Nilimtazama shangazi yangu kwa miaka. Hakuweza kuweka msiba wala kuuondoa. Kila sikukuu aliacha chakula katika chungu. Nguo za mwanawe zilifuliwa, zikaanikwa, zikakunjwa, na hapakuwa na mtu wa kuzivaa wala ruhusa ya kuzigawa. Fikihi ya Kiislamu ina mlango wa mafkudi, yaani mtu aliyetoweka, na sheria za dola nazo huweka muda ambao ukipita aliyepotea hudhaniwa amekufa, ili mke aweze kuolewa na mali iweze kurithiwa. Ni hekima kubwa, lakini sheria hutatua mambo ya mke na mali. Haina muda wa kumpa mama. Aliyonayo mama katika hali hiyo si tumaini tena. Tumaini hukubali mambo mawili, heri na shari, na hungoja lipi litakuja. Yeye hangojei kitu. Amezuiliwa tu mlangoni, asiingie wala asitoke.

Nilimwuliza mara moja, nilipokuwa nasoma chuo kikuu na kujiona nina haki ya kuuliza mambo makubwa. Nilisema, shangazi, kama wangekuletea habari mbaya, ungetaka kuijua? Alikaa kimya muda mrefu, akapepeta mchele wake mpaka ukaisha. Kisha akasema, "Siku ile nilipokwenda kumwangalia yule wa mkwajuni, niliomba Mungu asiwe yeye. Nilipofika nyumbani, niliomba Mungu angalikuwa yeye." Sikumwuliza tena.

Sitaki kutoka katika neno hilo kanuni ya watu wote. Yamkini yupo mama mwingine ambaye angechagua kutojua, na kweli haipasi kuvunjiwa mlango wa nyumba yake. Lakini kuchagua kutojua ni jambo moja, na kunyimwa kujua ni jambo jingine. Mwenye kuchagua awe na kitu cha kuchagua. Wajibu wetu ni kulihifadhi jibu, ili yeyote ajaye kuuliza, leo au baada ya miaka sitini, alikute.

Wala miaka sitini si maneno ya kupamba. Mwaka 1957, katika mji wa Philadelphia, Marekani, mtoto mdogo wa kiume alikutwa ameuawa na kuwekwa ndani ya boksi. Hapana aliyemtambua. Alizikwa, akaitwa mtoto asiyejulikana, na kwa miongo mingi wapelelezi walirithishana faili lake. Waliolianza wakazeeka, wakastaafu, wakafa. Desemba 2022, kwa njia ya vinasaba na nasaba, jina lake lilitangazwa, na Januari iliyofuata likachongwa juu ya jiwe la kaburi lake. Aliyemwua hakutajwa. Mwenye kupima haki kwa hukumu ya mahakama atasema kazi ile ilishindwa. Mimi nasema nusu ya deni ililipwa, tena ile nusu ambayo aliyeidai alikuwa hawezi kusema.

Katika miaka ya karibuni, hasa tangu 2017, nchini mwetu neno "wasiojulikana" limekuwa kama jina la kabila. Watu husema "wasiojulikana wamekuja", na kila mtu hutikisa kichwa kana kwamba ameambiwa jambo kamili. Ni hatari kwa lugha na ni hatari kwa dhamiri, maana kitu kikipata jina twadhani tumekijua, na tukidhani tumekijua twaacha kuuliza. Hivyo vazi la mwuaji limegeuka kuwa cheo. Naomba wanafunzi wangu na wenzangu wa lugha walitumie neno hilo kwa uangalifu. Likitumika kwa mwuaji, liwe swali. Likitumika kwa aliyeuawa, liwe deni.

Shangazi yangu alifariki mwaka 2009, na binamu yangu hajarejea. Mkwaju ungalipo, maji ya ziwa yamepanda mara kadhaa yakakaribia, kisha yakarudi. Mwaka jana nilikwenda na kijana mmoja wa pale, tukayarudishia mawe yaliyovingirika, nami nikaandika katika karatasi mbili yote niliyoyakumbuka: mwaka na majira, kimo cha mtu, kamba ya wavu, na kovu lililokuwa juu ya goti. Karatasi moja nimeiacha katika ofisi ya kijiji. Ya pili ninayo mwenyewe. Akitokea mtu, Kulwa wa Doto yule au mwana wa mwanawe, akauliza kama hatukupata kumwona ndugu yake, atakuta kwamba tulimwona.